Nuru ya Bandani

Ng'ombe wetu wa Machame hawaendi malishoni. Kihamba, yaani shamba la nyumbani, ni kidogo, kimebanana migomba na mikahawa, kwa hiyo ng'ombe hukaa bandani mwaka mzima na chakula ndicho kinachowafuata: majani yaliyobebwa kichwani kutoka tambarare, migomba iliyokatwakatwa, na pumba pale pesa inaporuhusu. Mbebaji wa majani alikuwa mwanamke, na kwa desturi maziwa nayo yalikuwa mali yake. Ndiyo maana nilipokuwa mtoto, mwishoni mwa miaka ya 1970, aliyeamka alfajiri kwenda bandani alikuwa mama, na jambo la kwanza alilofanya ni kutikisa chemli karibu na sikio ili ajue kama mafuta yamebaki.

Nimeishi na ng'ombe tangu wakati huo mpaka leo, ukiacha miaka ya shule ya bweni. Nikiulizwa ni kitu gani kimebadilika zaidi katika kazi hii, watu hutegemea nitaje mbegu za ng'ombe, au dawa, au soko la maziwa. Vyote hivyo vimebadilika kweli. Lakini kilichobadilisha namna ninavyoinama, ninavyotembea, na nani ninayefanya naye kazi, ni taa.

Nyumbani taa zilikuwa na vyeo. Karabai ilikuwa ya harusi na misiba, na mara nyingi iliazimwa. Chemli ilikuwa ya sebuleni na ya kutokea nje, kwa sababu kioo chake kilizuia upepo. Kibatari, kile cha kopo kilichotengenezwa na fundi bati na kutiwa utambi wa pamba, kilikuwa cha jikoni na cha kusomea. Bandani kibatari kilipigwa marufuku. Paa lilikuwa la majani makavu ya migomba, chini kumetandikwa nyasi, na darini kuna akiba ya majani ya wiki nzima. Cheche moja ingemaliza kila kitu kabla jirani hajasikia mayowe.

Kwa hiyo iliyoingia bandani ni chemli. Palikuwa na msumari wa kuitundika karibu na mlango, lakini mtu akichuchumaa kukamua, mgongo wake huziba nuru na kiwele kinabaki gizani. Ukiiweka chini, ng'ombe huipiga teke. Ikabidi awepo mtu wa kushika taa, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Kushika taa kulikuwa na masharti yake. "Shusha. Zaidi. Sogea upande wa mkia. Mmulike yeye, usinimulike mimi." Mama alisema haya bila kuinua kichwa, paji la uso likiwa limeegemea ubavu wa ng'ombe. Taa ilitakiwa iwe usawa wa goti, pembeni, isitikisike. Mkono ukichoka ulibadilisha mkono polepole, maana kivuli kinachoruka ukutani humshtua ng'ombe, na ng'ombe aliyeshtuka huyabana maziwa.

Kwa kusimama pale kila alfajiri niliona yote aliyoyafanya. Alivyoosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu. Alivyokamulia matone ya kwanza kwenye sahani nyeusi na kuyainamisha ili aone kama yana mabonge, ambayo ndiyo dalili ya ugonjwa wa kiwele. Alivyopitisha vidole chini ya sikio na mbele ya bega kutafuta tezi zilizovimba. Hakukaa hata siku moja kunifundisha. Alinihitaji kwa ajili ya taa, nami nikayachukua mengine yote bila kuombwa.

Miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa ya uhaba. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha 1979, nchi haikuwa na fedha za kigeni, na sabuni, sukari na mafuta ya taa vikawa vitu vya foleni. Baba alikuwa na tochi ya bati ya betri tatu ambayo mtoto haruhusiwi kuigusa. Betri zilikuwa National, zilizotengenezwa Dar es Salaam, na zilipopatikana hazikutupwa mapema. Zikififia zilianikwa juani juu ya bati, zikarudiwa na nguvu kidogo ya kwenda bandani na kurudi. Zikishindwa hapo zilihamishiwa redioni, kwa kuwa redio huridhika na umeme mdogo.

Tochi ile ilikuwa na nuru nyembamba inayofika mbali. Ilifaa kujua ni nani anayepita kwenye migomba. Kwa kazi ya mikono haikufaa, kwani iliacha doa jeupe katikati na giza pande zote, na yenyewe ilidai mkono. Baba aliibana kwapani, akaibana kati ya shavu na bega, akaiuma kwa meno. Kila aliyewahi kufuga anazijua njia hizi tatu, na anajua kwamba zote huishia pale mtu anapohitaji kusema neno.

Haja ya nuru iliongezeka walipoenea ng'ombe wa kisasa. Ng'ombe wa asili alikuwa mdogo na kwa kawaida alizaa bila msaada. Asubuhi ulimkuta ndama amesimama. Mbegu za Friesian na Ayrshire zilipoanza kutufikia kwa uhimilishaji kutoka kituo cha Usa River, Arusha, tukapata maziwa mengi na pia tukapata usiku mrefu, kwa sababu ndama wa baba mkubwa ndani ya mama mdogo huzaliwa kwa shida. Chupa ya maji ikishapasuka, unatafuta kwato mbili za mbele na pua juu yake. Nyayo za kwato zikitazama chini, ndama amekaa sawa. Zikitazama juu, huenda anakuja kinyumenyume, na hapo kila dakika ina thamani. Kuziona nyayo hizo katikati ya ute, usiku, kwa chemli, kulitaka taa isogezwe mpaka karibu na mkia, na ishikwe na mtu asiyeogopa damu. Niliishika nikiwa bado shule ya msingi, bwana mifugo akiwa amevua shati na mkono wake umezama hadi begani.

Na kazi haikuishia ndama kutoka. Kitovu kilichovywa kwenye iodini. Kisha dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, ambayo ndama anapaswa kuyapata ndani ya saa sita za kwanza. Utumbo wake huanza mapema kufunga njia ya kupokea kinga ya mama, na baada ya siku moja hivi njia imeshafungwa. Ndama aliyezaliwa saa saba usiku hasubiri jua lichomoze.

Taa ya kichwani ya kwanza niliiona kwa mjomba. Alikuwa mpagazi wa mlimani. Machame ni moja ya njia za kupanda Kilimanjaro, na usiku wa mwisho wageni huondoka kambi ya Barafu, mita 4,673, karibu na saa sita usiku, ili wafike kilele cha Uhuru, mita 5,895, jua linapochomoza. Safari hiyo ni ya gizani, juu ya changarawe inayoteleza, fimbo zikiwa mikononi, kwa hiyo kila mgeni huwa na taa kichwani. Wakishuka, baadhi huacha vitu: soksi, koti, chupa ya maji. Mjomba aliachiwa taa. Ilikuwa na kasha la betri kisogoni, mkanda wa mpira, na globu ya zamani yenye waya ndani. Mama aliivaa juu ya kilemba, akaenda kukamua, na kwa mara ya kwanza kiwele kilikuwa kwenye nuru bila mtu kusimama pembeni yake.

Furaha hiyo ilikuwa fupi, maana taa ilitumia betri bapa ya volti 4.5, na maduka tuliyoyajua Moshi yaliuza betri za duara tu. Mjomba hakukata tamaa. Alichukua betri tatu za tochi, kila moja volti 1.5, akazipanga mstari, akaziviringisha kwa kitambaa na kuzifunga kiunoni, kisha akapandisha waya mgongoni hadi kichwani. Ikawaka.

Ufundi ule aliuona kwa vijana wa Mererani. Tanzanaiti iligunduliwa huko mwaka 1967, na miaka ilivyosonga vijana wengi wa Kilimanjaro na Arusha walikwenda kuchimba. Ndio walioitwa wanaapolo, na wale wembamba wanaojipenyeza mashimoni waliitwa nyoka. Chini ya ardhi hakuna mkono wa ziada, kwa hiyo walifunga tochi kichwani kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Wakirudi nyumbani Krismasi, kama ilivyo ada ya Wachagga popote walipo, walikuja na mtindo huo. Kijana mmoja wa jirani alimkamua ng'ombe wa bibi yake akiwa na tochi imefungwa juu ya sikio, wazee wakamcheka. Krismasi iliyofuata hawakucheka.

Baadaye nilisoma kwamba hata huko Ulaya taa hizi zilianza kwa watu wa migodi na mapango. Kampuni ya Petzl ya Ufaransa, iliyotokana na wapenzi wa kuingia mapangoni, ilitoa taa yake iitwayo Zoom mwaka 1981. Mlimani na mgodini ndizo njia mbili zilizoifikisha kwetu. Hakuna aliyeibuni akimfikiria mwanamke anayekamua, na kasoro zake nyingi kwa kazi yetu zimetokana na hapo.

Kabla hazijaenea, tulipitia simu. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003 ikiwa na tochi kwenye ncha yake, na ilipotufikia kila mwenye simu akawa na taa. Tuliiuma kwa meno, kama baba alivyouma tochi yake. Ilikuwa nyepesi na chaji yake ilidumu siku kadhaa. Shida ni kwamba watu hupiga simu alfajiri, na simu ikiita ukiwa umeiuma, unatetemeka hadi masikioni huku ng'ombe akikutazama.

Kilichomaliza hadithi ya chemli ni vitu viwili vilivyokutana. Cha kwanza ni taa za LED. Nuru nyeupe ya LED iliwezekana baada ya kupatikana LED ya buluu yenye nguvu, kazi ya wanasayansi Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura waliotunukiwa Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Mwaka 2000 Petzl walitoa Tikka, taa ndogo ya kichwani ya LED inayotumia betri nyembamba zinazopatikana popote, na miaka michache baadaye meza za soko la Kwa Sadala zilikuwa zimejaa taa za Kichina za namna hiyo kwa bei ya mwananchi. Cha pili ni kodi. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ikaribie ya dizeli, ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa. Uchakachuaji ulipata kipigo, na sisi wa chemli tukakipata pia. Nyumbani kwetu chemli ilitundikwa stoo mwaka ule ule, nami nikaanza maisha mapya ya kununua taa za kichwani, kuzichosha, na kununua nyingine.

Umeme nao ulifika bandani. Nashukuru kuwa nao, lakini haukuiondoa taa ya kichwani. Globu ya darini hufanya kosa lile lile la msumari wa mlangoni, kwani ukichuchumaa inamulika mgongo wako. Na siku ya mgao ndiyo siku ng'ombe anayochagua kuzaa.

Sasa nikiingia dukani najua ninachokitafuta, na sianzi na namba iliyoandikwa kwenye boksi. Taa ya elfu chache haiwezi kutoa lumeni elfu kumi, hata boksi liandikwe kwa dhahabu. Kwa kukamua, lumeni zisizofika mia zinatosha kabisa. Ukizidisha, weupe wa maziwa na mng'ao wa ndoo hukurudia machoni. Kwa kutembea kwenye migomba kumtafuta mbuzi aliyekata kamba, mia mbili au tatu zinasaidia. Kuhusu saa za kuwaka, kuna kipimo cha Kimarekani kiitwacho FL1 ambacho watengenezaji makini hukifuata: nuru hupimwa sekunde 30 baada ya kuwasha, na muda huhesabiwa mpaka nuru ibaki asilimia 10 ya ile ya mwanzo. Ndiyo kusema hata taa isemayo kweli kuwa inawaka saa mia moja, sehemu kubwa ya saa hizo inaweza kuwa ya kumulikia tundu la funguo tu.

Umbo la nuru lina uzito kuliko wingi wake. Ninamwomba muuzaji aniruhusu niingie nayo stoo au nyuma ya pazia, nimulike ukuta ulio umbali wa mkono. Nikiona doa kali katikati na pete za giza pembeni, hiyo ni taa ya mlinzi. Ya bandani hutandaza nuru sawasawa, ili nione chuchu zote nne na mguu wa nyuma unaotaka kunipiga, bila kugeuza kichwa.

Halafu naangalia kiganja changu. Kikionekana cha kijivu, narudisha taa mezani. LED nyingi za bei ya chini zina buluu nyingi na wekundu haba, na kazi yetu usiku inategemea sana wekundu. Ukimfunua ng'ombe kope unataka kujua kama utando wa ndani ni wa waridi, mweupe kwa kupungukiwa damu, au wa manjano kama inavyotokea kwenye ugonjwa wa ndigana baridi. Ukitazama matone ya kwanza ya maziwa unataka kujua kama yana damu kidogo. Chini ya nuru ya buluu vyote hivyo hufanana. Chemli, pamoja na udhaifu wake, ilikuwa na nuru ya moto, na wekundu ilikuwa nao tele.

Nataka pia iwe na nuru nyekundu ya kuwasha kivyake. Ng'ombe ana aina mbili za chembe za kutambua rangi pale sisi tulipo na tatu, na nuru nyekundu huiona kwa uhafifu kuliko nyeupe. Nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha nuru, ule unaofanya macho yang'ae gizani, kwa hiyo nuru nyeupe ya ghafla humsumbua kuliko inavyotusumbua sisi. Nikipita saa sita usiku kumtazama mtamba aliyekaribia kuzaa, nawasha nyekundu. Hashtuki, hasimami, naye ananionyesha hali yake ya kweli. Faida nyingine ni yangu mwenyewe. Jicho la binadamu huchukua karibu nusu saa kulizoea giza barabara, na nuru nyekundu iliyofifia hailiharibii mazoea hayo. Lakini uzazi ukianza, nyekundu huzimwa mara moja. Chini ya nuru nyekundu damu haionekani. Unaweza kuwa na mnyama anayevuja ukadhani ni maji.

Shemeji yangu anayefuga nyuki kandokando ya msitu ana sababu yake mwenyewe ya kuipenda nyekundu. Kwetu asali hurinwa usiku, na nyuki haoni wekundu, jambo ambalo Karl von Frisch alilionyesha zaidi ya miaka mia iliyopita. Nuru nyeupe usiku huwaita nyuki waifuate, na ukiwa umeivaa kwenye paji la uso, utajua mwenyewe wanakotua. Hata bandani, mvua za kwanza zikinyesha na kumbikumbi wakatoka, taa nyeupe kichwani ni mwaliko wa kuwala bila kuwakaanga.

Yaliyobaki ni ya kawaida lakini hayasameheki yakikosekana. Kuhusu maji, alama ya IPX4 inamaanisha taa huvumilia michirizi kutoka pande zote, na IPX7 huvumilia kuzama mita moja kwa nusu saa. Ya kwanza inatosha kwa mvua, ya pili inatosha kwa ndoo. Mkanda uwe wa kuvuliwa na kufuliwa kwa sabuni, kwa sababu unabeba jasho, maziwa na samadi, na mtu anayetoka banda moja kwenda jingine asivae ugonjwa kichwani. Swichi iwe kubwa, ya kubonyezeka kwa kidole chenye mafuta ya kukamulia, na taa ianze na nuru ndogo. Kimulimuli cha kuwaka na kuzima sijapata kuyajua matumizi yake mbele ya ng'ombe. Taa iweze kuinamishwa. Na betri ikiwa ya kuchaji kwa waya wa simu, napenda iwe ile ambayo pia inakubali betri za dukani, kwa ajili ya juma la mgao.

Uhuru wa mikono ulionyesha thamani yake usiku wa siafu. Aliyekulia kwetu anajua wanavyoingia banda la kuku wakati wa masika, kimya, na mwenye nyumba huamshwa na kelele za kuku wanaoliwa wakiwa hai. Zamani mmoja alimulika na mwingine akakusanya. Sasa naona ninapokanyaga, nabeba kuku wanne miguu juu, narudi na majivu ya moto kuwazungushia, bila kumwamsha mtu.

Taa hizi zilikuja na ukosefu wa adabu wa aina yake pia. Mwenye nayo humtazama anayesema naye, na kwa kumtazama humpofusha. Baba mkubwa aliwahi kuamkiwa njiani usiku na mwanangu, "Shikamoo babu," nuru yote ikiwa usoni pake. Hakuitika marahaba. Aliuliza, "Unaniamkia au unanikamata?" Tangu hapo nyumbani kwetu sheria ni moja: kwanza unainamisha taa, ndipo unaamkia.

Lakini hasara kubwa ilichelewa kuonekana. Nuru inayotoka kwenye paji la uso hufuata njia ile ile ya macho, na kwa hiyo kila kivuli hujificha nyuma ya kitu chenyewe. Ngozi ya ng'ombe inaonekana sawa, imetandazwa, haina mabonde wala vilima. Tezi iliyoanza kuvimba chini ya sikio, kupe aliyejibanza kwenye mkunjo wa shingo, tumbo la kushoto lililoanza kujaa gesi: haya hujulikana kwa kivuli chake, na kivuli hutokea nuru ikija kutoka ubavuni. Chemli iliyoshikwa pembeni, usawa wa goti, ilikuwa ikivionyesha vitu hivi pasipo mtu kuviwazia.

Na hayupo tena aliyekuwa akiishika. Watoto wangu wa kwanza walikua wakati wa taa ya kichwani. Sikuwahitaji alfajiri, nikawaacha walale. Ni huruma ambayo mama yangu hakuwa na uwezo wa kuitoa. Wanawapenda ng'ombe, wananitumia pesa za dawa kutoka mjini. Ila wakija likizo, husimama mlangoni na kuuliza, "Mama, huyu ana nini?" kuhusu mnyama ambaye mimi katika umri wa miaka kumi ningemjua kwa kumwona tu masikio yalivyolala. Ng'ombe mmoja aliposhikwa na homa ya maziwa, shingo imepinda ubavuni na masikio yamekuwa ya baridi, nilikuwa na nuru ya kutosha kuuona mshipa wa shingo. Kalisi, ambayo ndiyo dawa yake, hata hivyo huingizwa taratibu sana, kwa kuwa ikikimbilia moyoni huusimamisha, na hakuwepo mtu aliyejua kuinua na kushusha chupa. Bwana mifugo alikuja na msaidizi wake, akafanya kazi yake, ng'ombe akasimama. Mimi nilibaki nikiwaza juu ya yule msaidizi: mvulana mdogo, amevaa taa yake mwenyewe, amesimama ubavuni.

Siku hizi nikienda Kwa Sadala nanunua taa mbili. Moja ni yangu, ya nuru pana na nyekundu. Nyingine ni ya kawaida tu, ya mkanda mfupi, kwa ajili ya kitinda mimba wangu, naye huja bandani asubuhi za Jumamosi na siku za likizo. Kazi yake ni kusimama upande wa mkia, kuinamisha taa yake, na kuninyamazia. Mwaka jana wakati wa masika ndiye aliyesema, "Mama, hapa chini ya sikio pana kivuli." Nilizima yangu, nikapapasa, tezi ilikuwa imevimba. Bwana mifugo alithibitisha kuwa ni ndigana kali iliyowahiwa mapema, na mtamba yule anakamuliwa mpaka leo. Dawa ya ndigana kali ni ya bei. Taa ya mtoto, kwa hesabu zangu, haifiki hata nusu yake.